Kaunta Buku ya Mama Tanzia

Esnah Chelule alikuwa na hasira tangu utotoni na hakuwahi kuiombea radhi. Mama yake alisema alizaliwa siku ya mvua ya mawe, ile inayochanachana chai mlima mzima na kuwaachia watu vijiti. Huenda ndiyo sababu. Lakini watu wa Merigi hawakumjua kwa hasira, walimjua kwa sauti. Kila siku saa saba mchana, foleni ya wachumaji ikisogelea mizani, redio ndogo ya kituo cha kununulia majani ilinyamazisha kila mtu: "Familia ya mzee fulani inasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao..." Ilikuwa sauti nzito isiyo na haraka wala machozi ya kuigiza. Watoto walimbandika jina la Mama Tanzia, na walipomwona akirudi jioni kutoka kazini Bomet walikimbia huku wakicheka. Nani anataka kuitwa kwa jina na mama anayetangaza wafu?

Hakuanzia kwa wafu. Alisoma habari kwa miaka kumi na minne katika Redio Kaptich, pale ghorofani juu ya duka la mbolea, na alizisoma kama mtu anayekulipa haki yako. Ndipo ukaja uchaguzi mmoja. Esnah alikwenda mwenyewe katika shule moja ya msingi, akanakili kwenye kiganja matokeo ya kiti cha wadi yaliyobandikwa mlangoni, kwa sababu daftari lilikuwa limelowa. Jioni akapewa karatasi ya kusoma. Matokeo ya kwenye karatasi yalikuwa mengine kabisa. Akasoma ya kiganjani.

Kesho yake meneja wake, Gibson, alimwita ofisini.

"Mama Esnah," akasema bila kumtazama, "kuanzia leo utashika matangazo ya vifo. Wafu hawapigi kura. Hawatakuletea matata, na mimi hawataniletea simu."

Mtu mwingine angejiuzulu, au angelia kwa wiki moja kisha azoee. Esnah alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya kufanya kazi. Alisema moyoni: kama mmenipa vifo, basi vifo vitakuwa habari. Muda mfupi kabla ya hapo, mtu mmoja wa kuelekea Fort Ternan alikuwa ameleta tangazo la kifo cha kaka yake, likasomwa, na siku ya tatu marehemu akapanda ngazi za redio akiwa na fimbo, akiuliza ni nani aliyemzika kabla shamba halijagawanywa. Esnah hakutaka fimbo ya pili. Kwa hiyo kila tangazo lilipoletwa alimpigia simu chifu, kisha mzee wa kanisa, kisha jirani asiyependana na familia hiyo, maana jirani wa aina hiyo hadanganyi kwa huruma. Baada ya hapo ndipo alipoandika katika kaunta buku nyeusi: jina, namba ya kitambulisho, namba ya chai kama alikuwa mkulima, siku ya kufa, siku ya kuzikwa. Namba zilihitajika kwa sababu katika tarafa moja tu Kiplangat Koech wako kama mahindi. Miaka kumi na mitatu ikajaza kaunta buku tano.

Sasa lazima nitaje na doa lake, maana bila doa hilo hadithi haiendi. Sikio la Esnah lilikuwa la Kikipsigis halisi, na P na B kwake walikuwa mapacha. Hewani alijichunga. Lakini akiandika haraka, simu ikiwa begani, kalamu ilimponyoka, na Wakisii waliofanya kazi naye walicheka mpaka wakashika mbavu. Alipofariki mzee Joseph Obure, Mkisii aliyenunua shamba Merigi kabla Esnah hajazaliwa, Esnah aliandika Joseph Opure, na kwa kuwa alikuwa na mafua siku hiyo, akamsoma hivyo hivyo. Mtoto wa mzee alikuwa Atuti, fundi mitambo wa redio hiyo hiyo, aliyekuwa upande wa pili wa kioo akimsikiliza.

"Mama," Atuti alimwambia baadaye, macho yakiwa mekundu, "baba yangu si Opure. Huyo Opure ni nani?"

Esnah aliona aibu ambayo hakuisahau. Jioni alilisoma tangazo upya kwa B, polepole, mara mbili. Lakini kitabu hakikusahihishwa. Mambo ya vitabu ni hivyo, hewani mtu hujirekebisha, wino unabaki na ukaidi wake.

Miaka minne ikapita, ndipo Jumanne moja ya mwezi huu Mathew Kirui akapanda zile ngazi. Mathew ni mkulima wa Merigi, mtu wa vichaka elfu mbili vya chai na ng'ombe watatu, asiyekuja mjini bila sababu. Alikuwa ameshika karatasi zilizopigwa chapa katika saiba, lile duka la kompyuta.

"Chamgei, Mama Esnah. Hii kitu nimepiga picha kwa ubao ya kiwanda. Kama wewe hutaisoma kwa redio, mimi naenda kuichoma, na sitauza chai tena."

Kiwanda chenyewe ni cha Chemosirgoi, mali ya wakulima wenyewe, au hivyo ndivyo walivyoambiwa walipokuwa wakikatwa fedha za hisa. Mathew alieleza akiwa amesimama, amekataa kiti. Tarehe kumi na mbili kulikuwa na mkutano wa wanachama hapo Merigi. Mvua ilinyesha, hema likalala upande, watu kama sitini wakaenda zao hata ajenda haijafunguliwa.

"Hakuna mtu aliinua mkono, Mama. Sasa wamebandika ati tulikuwa mia nne na kumi na mbili, tumetia sahihi, na wote tumesema ndiyo."

"Ndiyo ya nini?"

"Ati wakurugenzi wakae miaka sita bila uchaguzi. Ati uchaguzi ni gharama."

"Na sheria ya kiwanda inasemaje?"

"Wanachama mia mbili wakipinga kwa maandishi, mwenye shamba ama mrithi wake, kura inarudiwa na sanduku. Mwisho ni Ijumaa saa kumi na moja. Lakini nani atajua? Nimetembea tangu Jumapili, nimepata kumi na saba."

Esnah akavaa miwani, akaanza kusoma orodha kwa sauti ya chini, kidole kikiteremka. Alipofika jina la kumi alihisi kitu cha ajabu. Ulimi wake ulikuwa unajua jina linalofuata kabla jicho halijalifikia. Rodah Chepkwony. Baada ya Rodah anakuja Kepher Rono, akawaza, na kidole kikateremka, na alikuwa Kepher Rono. Baada ya Kepher ni yule mama wa kanisa la juu, Sally. Alikuwa Sally. Watu hawa aliwajua kwa mpangilio huu kwa sababu yeye ndiye aliyewapanga. Alikuwa amewatangaza mmoja baada ya mwingine, wiki baada ya wiki, na wote walikuwa chini ya udongo.

Ukurasa wa pili, mstari wa tatu, kidole kikasimama. Opure, Joseph. Na mbele yake sahihi yenye mkia mrefu.

Hakuna Mkisii duniani anayeitwa Opure. Hakuna kitambulisho kilichowahi kuandikwa Opure, wala kadi ya kanisa, wala stakabadhi ya chai. Opure alizaliwa na kalamu ya Esnah siku ya mafua, akaishi mahali pamoja tu.

"Atuti!" akaita, na sauti ilimfanya Mathew arudi nyuma hatua moja. "Atuti, kuja hapa uone baba yako."

Atuti aliisoma ile mistari mara tatu. Alikuwa mtu mpole, wa kurekebisha nyaya na kunywa chai ya rangi. Aliirudisha karatasi mezani taratibu kama sahani ya moto.

Esnah akafungua kabati. Kaunta buku zilizojaa zilikuwa nne, na iliyokosekana ilikuwa ya tano; ya sita, anayoitumia sasa, ilikuwa juu ya meza yake. Hakubisha hodi kwa Gibson. Kitabu kilikuwa pale mezani, chini ya chupa ya chai, kurasa zake zimekunjwa pembe kama masikio ya mbwa.

"Nani alikiomba?" akauliza.

Gibson alikitazama kitabu, kisha dirisha. Alikuwa amenenepa kwa miaka hii kumi na mitatu, na sauti yake ilikuwa imepata mafuta pia.

"Watu wa kiwanda. Walisema wanataka kupelekea familia rambirambi. Mimi ningejuaje?"

"Na ulipoona orodha kwa ubao?"

"Mama Esnah, keti kidogo."

"Sikai. Ulipoiona?"

"Unajua ni nani analipa stima ya hii jengo? Ni matangazo yao. Wafanyakazi kumi na mmoja, na wewe ukiwa ndani. Hiyo habari haiendi hewani." Akavuta droo, akatoa karatasi yenye nembo ya kiwanda. "Saa saba, ukimaliza vifo, utasoma hii. Wanashukuru wakulima kwa kujitokeza kwa wingi. Ni sentensi nne. Uko na miezi nane ustaafu, Mama. Nane tu. Soma, uende nyumbani ukachume chai yako."

Esnah aliichukua karatasi. Akachukua na kitabu chake.

"Uliniambia wafu hawapigi kura," akasema.

Gibson akaifunga droo.

Zilibaki dakika ishirini. Esnah alikaa kwenye kiti cha studio, na usidhani alikuwa na hofu. Alikuwa amekasirikia kiwanda, amemkasirikia Gibson, lakini zaidi ya wote alijikasirikia mwenyewe, kwa sababu ya ule unadhifu wake wote. Simu zile kwa machifu, namba zile alizohakikisha moja moja. Miaka kumi na mitatu alidhani anawalinda watu wasizikwe kwa uwongo, kumbe alikuwa anawachagulia wezi majina yasiyoweza kusimama na kusema mimi sikuwepo. Angekuwa mzembe kidogo wangeibaje? Wangeandika mtu aliye hai kwa makosa, na mtu huyo angekuja na fimbo.

Nyanya yake alikuwa akisema jina la marehemu halitajwi ovyo, mwache apumzike. Esnah aliwaza hilo mpaka saa saba ikakaribia. Kisha akawaza: hawa hawajapumzika. Wametolewa kaburini wakainulishwa mikono. Kuwataja sasa ndiyo kuwarudisha walale.

Atuti alifunga mlango wa studio kwa ufunguo, akautia mfukoni. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Akaketi mbele ya mitambo, akamwonyesha kidole: uko hewani.

Alisoma kwanza vifo vya siku hiyo, vitatu, kwa heshima yake ile ile, mahali pa mazishi na saa. Hao hawakuwa na kosa. Kisha akaisukuma karatasi ya kiwanda kando, akafungua kaunta buku.

"Sasa narudia matangazo ya zamani," akasema. "Mlio kwa mizani, ongezeni sauti. Rodah Chepkwony wa Merigi. Alifariki miaka mitano iliyopita, tukamzika tarehe tisa Juni. Tarehe kumi na mbili mwezi huu, Rodah amehudhuria mkutano wa kiwanda cha Chemosirgoi, ameinua mkono, ametia sahihi. Kepher Rono. Yuko kaburini mwaka wa tano. Amehudhuria. Sally Chepngeno. Miaka yake miwili ya mwisho alikuwa amepooza mkono wa kulia, mtoto wake ndiye aliyekuwa akimlisha. Ameinua mkono."

Hakupandisha sauti hata mara moja. Watu waliomsikia siku ile wanasema hilo ndilo lililowatisha. Kwenye vituo vya chai, wanasema, makarani waliacha kupima, ndoano za mizani zikabaki zinaning'inia, na mama mmoja akaketi chini juu ya gunia lake la majani aliposikia jina la mumewe.

Gibson alifika kwenye kioo akipunga mikono. Akagonga. Atuti alimtazama kama mtu anayetazama mvua nje, akarudisha macho kwenye mitambo.

"Joseph Opure," Esnah akasoma, na hapo tu ndipo alipovuta pumzi. "Hakuna mtu anaitwa hivyo. Mzee wetu alikuwa Obure. Mimi ndiye niliyekosea, miaka minne iliyopita, katika kitabu hiki nilichoshika. Na kosa langu liko kwenye orodha yao, herufi kwa herufi. Kwa hivyo mjue majina ya wafu wenu yalitoka wapi. Yalitoka hapa. Yalitoka kwa mkono wangu, yakapitia mlango wa redio yenu. Naomba msamaha, lakini msamaha hautoshi. Ijumaa kabla ya saa kumi na moja, kila aliyemsikia mtu wake, aende kiwandani na ile programu ya mazishi, yenye picha. Mwandike pingamizi. Naendelea. Esther..."

Taa ikazima. Gibson alikuwa ameshuka chini akakata stima ya jengo lote, hata friji ya duka la jirani. Esnah alikuwa amesoma majina thelathini na saba.

Walifukuzwa kabla ya saa tisa, yeye na Atuti, kwa barua moja yenye majina mawili. Miezi minane ikawa saa mbili. Gibson alitaka kitabu kibaki, mali ya kampuni. Esnah alimuuliza kama yuko tayari kukichukua kwa nguvu kutoka kwenye mkoba wa mama wa miaka hamsini na tisa mbele ya watu waliojaa kwenye ngazi. Hakuwa tayari.

Ijumaa ilikuwa ya jua. Tangu asubuhi watu walipanda barabara ya kiwanda, na kila mmoja alishika kijitabu chenye picha ya mtu wake kwenye jalada, vingine vipya, vingine vimeliwa na panya pembeni. Mlinzi wa lango hakujua afanye nini. Amezoea kuzuia watu wenye mawe, hawa walikuja na mama zao waliokufa wakitabasamu. Mwishowe mkurugenzi mmoja alitoka akasema mambo yatachunguzwa, watu waende nyumbani. Hakuna aliyekwenda. Ikabidi meza iwekwe nje, na karani mmoja kijana, Kiplangat, mwenye tai na daftari la pingamizi.

Esnah alisimama nyuma, karibu na Mathew na Atuti. Hakutaka kuonekana. Lakini mama mmoja mzee wa Kisii, Nyakerario, alimfikia na kumshika mkono kwa nguvu.

"Wewe ndiye Mama Tanzia? Nilikaa kwa redio mpaka ikanyamaza. Bwana yangu hukumfikia. Kwa nini ulimwacha?"

Esnah alitoa kaunta buku kwenye mkoba, akaenda akapanda juu ya jukwaa la zege wanakoshushia magunia, na bila maikrofoni akaendelea pale stima ilipokatikia. "Esther Cherono." Mtu kutoka nyuma akaitikia: "Hayupo! Mimi ni mtoto wake!" akasogea mezani kuandika. "Noah Mutai." "Hayupo!" Likawa kama rejista ya shule, ila ya kinyume. Alipofika kwa mume wa Nyakerario, yule mama aliitikia kwa sauti iliyowatoa ndege mikaratusini.

Sauti ilianza kumkwaruza saa nane. Saa tisa na nusu Mathew, aliyekuwa akihesabu kando ya meza, akarusha kofia juu: "Mia mbili! Mama, tumefika mia mbili! Itarudiwa!" Watu wakapiga vigelegele, wengine wakaanza wimbo wa kanisani. Karani Kiplangat akaweka kalamu chini, akajinyoosha kama mtu aliyeruhusiwa.

"Bado," Esnah akasema kutoka juu.

"Lakini Mama, imetosha. Sheria ni mia mbili."

"Nimesema bado. Sikuja kwa hesabu tu."

Akashuka, miguu ikimuuma, akamvuta Atuti mkono hadi mezani. Atuti alikuwa amekaa siku nzima na programu ya baba yake kifuani bila kwenda mbele, akiwapisha wengine. Karani akashika kalamu tena kwa uchovu.

"Jina la marehemu?"

"Joseph Obure," Atuti akasema.

Kiplangat alikuwa mtoto wa nyumbani, sikio lake kama la Esnah. Akaandika bila kufikiri. Esnah aliinama akasoma juu ya bega lake, na hasira yote ya wiki, na ya miaka kumi na mitatu kabla yake, ikampanda mpaka machoni. Akaweka kidole chenye madoa ya chai juu ya herufi ile.

"Kata," akasema. "Andika tena. Ni B."